Mgonjwa Si Rehani

Nitaongea kidogo tu.

Mwaka jana dadangu alijifungua salama. Daktari akamruhusu aende nyumbani, lakini langoni bawabu akamrudisha: bili haijalipwa. Akakaa siku sita zaidi na kichanga chake, na kila siku bili ya kitanda ikazidi kupanda.

Mimi nasomea sheria, kwa hivyo nikaenda kutafuta kesi. Septemba 2015, Mahakama Kuu iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani kwa kukosa pesa. Ilisema wazi: kumfungia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba.

Najua hospitali inahitaji pesa. Wauguzi nao wana watoto. Lakini deni hudaiwa kwa njia ya sheria, si kwa kumfanya mzazi rehani.

Na tusiinyoshee serikali kidole peke yake. Kuna kaunti tunazoongoza sisi. Magavana wetu waagize malango yafunguliwe kesho. Tukishindwa kwetu, tutamwambia nini jirani?