MPAKA WA SHAMBA NA MPAKA WA JINA



Mkulima wa Litein au wa Mogogosiek ajua barabara mahali shamba lake la chai liishiapo, na jirani akivuka mpaka, ugomvi huanza siku hiyo hiyo. Lakini jina lililoandikwa juu ya pakiti ya chai, mpaka wake ni upi?

Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1957, ndiyo iwekayo mpaka huo. Mwenye bidhaa hupeleka alama yake Nairobi, katika Taasisi ya Mali ya Viwanda. Bidhaa zimegawanywa kwa mafungu, na chai imo katika fungu la 30. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na mwenye kulipinga hupewa siku 60. Alama ikisha kuandikishwa hulindwa kwa miaka 10, na mwenyewe aweza kuilipia tena kila muda huo uishapo.

Mathalan, "Fahari ya Kenya" ni chai ya Ketepa, kampuni iliyoko Kericho. Mtu akitia chai duni katika pakiti ya rangi zile zile, akaandika "Fahari ya Kenia", haitamfaa kusema kwamba amebadili herufi moja. Sheria huuliza kama mnunuzi aweza kudanganyika. Na mnunuzi mwenyewe mara nyingi ni mtoto aliyetumwa dukani jioni.

Hata hivyo sheria haimpi mtu lugha nzima. Neno "chai" haliwezi kuwa la mmoja, wala haimkatazi mtu kutumia kwa uaminifu jina lake mwenyewe. Majina ya mahali ndiyo yenye shida zaidi. Kericho ni mji na nchi ya watu wengi, kwa hiyo jina hilo peke yake si rahisi kuandikishwa kuwa mali ya mmoja. Kampuni ya Mombasa huuza chai iitwayo "Kericho Gold"; maneno hayo mawili pamoja ni alama, lakini hayamzuii mkulima wa Kericho kusema kweli kwamba chai yake yatoka Kericho.

Hasara ya mkulima iko mahali pengine. Chai nyingi ya viwanda kama Kapkatet na Kapkoros huuzwa kwa magunia katika mnada wa Mombasa. Gunia lina alama ya kiwanda, lakini wanunuzi huichanganya chai hiyo na ya nchi nyingine, wakaiuza kwa majina yao. Hapo jina la mahali hupotea kabisa, na faida ya jina huenda pamoja nalo.

Sheria yaruhusu chama kuandikisha jina la mahali kuwa alama ya pamoja, itumiwe na wanachama wote. Lakini alama ya Nairobi haina nguvu ng'ambo. Tangu mwaka 1998 Kenya imo katika mapatano ya Madrid, ambayo kwayo ombi moja laweza kupelekwa nchi nyingi; ila kila nchi hutoza ada yake, na kila moja yaweza kukataa.