Hospitali ya Misheni na Fedha za Serikali



Leo tuzungumze habari za hospitali za misheni. Wengi wetu tulizaliwa huko. Lakini je, nani anawalipa waganga wa huko? Mmoja atajibu, "Mapadri." Mwingine atasema, "Serikali." Kila mmoja amesema nusu ya kweli.

Tuchukue mfano wa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kanisa Katoliki liliijenga, ikafunguliwa mwaka 1971. Mwaka 1972 serikali iliitaifisha. Mwaka 1985 ilirudishwa kwa maaskofu, kwa makubaliano. Kanisa liiendeshe, na serikali isaidie kulipa mishahara. Hutibiwa pale Wakristo, Waislamu na watu wengine wote.

Wilayani nako ni hivyo hivyo. Pasipo na hospitali ya serikali, ile ya misheni huweza kufanywa Hospitali Teule. Halmashauri na wenye hospitali hutia sahihi mkataba. Mkataba husema serikali italeta nini: watumishi, fedha, dawa. Husema pia hospitali itatoa huduma gani, na wagonjwa gani wasitozwe fedha.

Basi shida huanzia wapi? Huanza fedha zinapochelewa. Sisi tuliona jambo hili katika kijiji kimoja tulichofundisha. Dawa ziliisha hospitalini. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa aliambiwa akanunue dukani. Aliuza kuku wake wote. Wanakijiji wakawalaumu masista, hata salamu wakawanyima. Kumbe fedha za miezi mitatu zilikuwa hazijafika kutoka serikalini! Hakuna aliyeuliza. Hata sisi walimu hatukuuliza. Tulipojua, tuliona aibu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu zetu, sasa mnajua kusoma na kuandika. Katika mkutano wa kijiji mwulizeni diwani: Mkataba upo? Unakwisha lini? Fedha za miezi hii mitatu zimefika? Kisha mwulizeni mganga mkuu wa hospitali: Zilipofika, zilifanya kazi gani? Majibu yaandikeni daftarini, pamoja na tarehe. Miezi mitatu ikipita, fungueni daftari mwulize tena.

Kuuliza si ugomvi. Fedha za serikali ni kodi yetu, na majengo ya misheni ni jasho la waumini. Anayeumwa ni mtoto wetu.