Mbio za Risasi Sizo Zinazoangusha Mnyama

Jirani yangu mmoja huku Mbagala, mstaafu na mwindaji mwenye kibali, alirudi kutoka Rufiji mikono mitupu, uso umemshuka. Alimpiga kongoni begani kwa raifo ya .300 Magnum, hatua hamsini tu. Kongoni aliyumba, kisha akatimua mbio. Walifuata damu mpaka jua likazama. Hawakumpata.

"Bwana mtangazaji," aliniambia, "bunduki yangu ndiyo yenye kasi kuliko zote kambini. Nimekosea wapi?"

Kosa halikuwa la bunduki. Lilikuwa la kichwa cha risasi.

Kichwa cha kawaida cha kuwindia ni madini laini ya risasi yaliyovikwa gamba la shaba, ncha ikiachwa wazi ili ikigonga nyama ichanue kama uyoga. Kuchanua huko ndiko kunakopanua jeraha na kumwangusha mnyama upesi. Lakini kila kichwa kina kasi yake kinayoimudu. Risasi ya .300 Magnum hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde, na kwa hatua hamsini kasi hiyo karibu yote ingalipo. Kichwa laini kikikutana na mfupa wa bega hapo, hakichanui, kinapasuka vipande vipande. Jeraha linakuwa pana juu juu, moyo na mapafu havikuguswa.

Jirani yangu si wa kwanza. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler, akiwinda Kanada, alimpiga moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, aliyejaa matope yaliyokauka. Risasi zake za kasi zilipasuka kabla ya kuzama. Aliporudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: mbele kinachanua, nyuma kinabaki kizima na kuendelea kupenya. Siku hizi vipo pia vichwa vya shaba tupu.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti W.D.M. Bell, aliyevuma kwa uwindaji wake Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Idadi hiyo si ya kusifu. Lakini siri yake ni somo: vichwa virefu, vizito na vigumu visivyochanua, mwendo wa wastani, na shabaha ya uhakika.

Basi mwenye bunduki ya kasi achague kichwa kizito chenye gamba nene, au cha ukuta, au cha shaba tupu. Kisha aipime shabaha upya kwa risasi hizo hizo, maana kila aina hupiga mahali pake. Na kwa nyati asitegemee kasi hata kidogo. Hapo ni .375 kwenda juu, na kichwa kigumu.

Msikilizaji, mnyama aliyejeruhiwa hufia kichakani kwa siku kadhaa. Akiwa nyati, atakayekutana naye huenda si mwindaji, bali mama aendaye kutafuta kuni. Wahenga hawakuwa na raifo, lakini walisema haraka haraka haina baraka.

Jirani yangu amebadili risasi. Ila yule kongoni, ananiambia, bado anamkosesha usingizi.