VIUNGO VYA UMEME KATIKA MASHINE NDOGO



Chama kinaponunua mota ya kumenyea kahawa au kusagia mahindi, wajumbe huuliza bei na nguvu yake. Ni nadra kuuliza nyaya zake zitaungwa kwa kitu gani. Hata hivyo, moto mara nyingi hauanzi katikati ya waya. Huanza pale waya unapoungwa.

Sababu yaeleweka kwa hesabu. Kiungo kilicholegea huuzuia umeme, na kizuizi hicho huzaa joto. Kizuizi cha omu 0.1 kikipitiwa na ampea 10 hutoa wati 10. Ampea zikifika 20, joto huongezeka mara nne, yaani wati 40, tena mahali padogo kama ukucha. Plastiki hulainika, kiungo hulegea zaidi, na joto huzidi.

Kwa hiyo kusokota nyaya mbili na kuzizungushia utepe hakufai kwa mashine inayotikisika. Wako mafundi watiao lehemu kwenye ncha ya waya wenye nyuzi nyingi kabla ya kuikaza kwa skrubu. Kazi yao yapendeza macho, lakini lehemu ni laini. Hubonyea polepole chini ya skrubu, na kiungo hulegea. Kifaacho ni kichwa cha shaba kinachobanwa kwenye ncha ya waya kwa koleo lake maalumu, si kwa nyundo. Vyenye ganda la rangi hufuata unene wa waya: chekundu hadi milimita 1.5 za mraba, cha buluu hadi 2.5, cha manjano 4 hadi 6.

Kwa mashine ihamishwayo, plagi ya nyumbani yenye fyuzi ya ampea 13 haitoshi mota kubwa. Zipo plagi za mviringo za viwandani, za ampea 16 na 32: buluu kwa volti 230, nyekundu kwa volti 400. Penye maji ya kuoshea kahawa, isikubaliwe iliyo chini ya alama IP44, ambayo hustahimili kurushiwa maji.

Upande utokao kwenye umeme sharti uwe wa matundu, kamwe usiwe wa meno. Kamba yenye meno pande zote mbili, ambayo wengine huitumia kuingiza umeme wa jenereta katika soketi ya ghala, huua: ukichomoa upande mmoja, meno yenye umeme yamo mkononi. Chama chenye kamba ya namna hiyo kiikate leo.

Katibu aandikapo oda ya mota, ataje humo humo ampea zake, unene wa waya, aina ya plagi, na koleo la kubania.