Haya Isituzuie Kumweleza Tabibu

 

Watoto wetu madrasa huanza fiqhi kwa mlango wa tohara. Mtoto wa miaka minane hutaja haja kubwa na namna ya kustanji mbele ya mwalimu wake, wala hapana anayecheka. Lakini baba yake akiona damu chooni hunyamaza mwaka mzima, na siku akisema, husema ni bawasiri, akachimbiwa mizizi.

Pengine ni bawasiri kweli. Lakini damu hiyo yaweza pia kutokana na saratani ya utumbo mpana, na kwa macho hazitofautiki. Aghlabu saratani hii huanza kwa kinyama kidogo kisichouma, ambacho huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi, hadi kigeuke. Kikionekana mapema hukatwa kwa kifaa chenye kamera kinachopitishwa njia ya haja kubwa, na mara nyingi mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ndiyo maana katika nchi kadhaa hupimwa hata wasioumwa, tangu miaka 45 au 50, choo chao kikitafutwa damu isiyoonekana kwa macho.

Wapo wasemao kuwa ni maradhi ya Wazungu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba yalikuwa nadra Afrika, akasifu vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi. Alisema ya zama zake. Leo Watanzania wanatibiwa maradhi hayo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi hufika yakiwa yamekwisha kuenea.

Kutoka Songea hadi huko ni zaidi ya kilomita 900. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji peke yake humaliza magunia ya mahindi. Basi sisi wa mbali ndio wa kuwahi zaidi, na hospitali ya rufaa ya mkoa tunayo hapa mjini.

Ama suala la uchi, mafaqihi wamejuzisha tabibu auangalie kwa kadiri ya haja ya matibabu. Mwanamke akipata tabibu mwanamke, huyo ndiye atangulizwe.

Mwenye mzazi wa umri huo amuulize leo baada ya swala, wakiwa wawili tu. Akitaja damu, au choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, au kukonda bila sababu, amsindikize hospitali mwenyewe. Na ambaye mzazi wake aliwahi kuugua saratani hii amwambie daktari hivyo, kwani yeye hupimwa mapema kuliko wengine.