Kuketi na Mwanafunzi Mbele ya Rasimu: Mintarafu ya Msimamizi na Uandishi wa Makala za Sayansi



Mwaka 1969 jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, Physics Education, lilichapa makala fupi yenye waandishi wawili: Erasto Mpemba, kijana wa Kitanzania aliyekuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori karibu na Moshi, na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuoni Dar es Salaam. Mpemba alikuwa ameona tangu 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, kwamba maziwa ya aiskrimu yaliyotiwa katika jokofu yangali moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa kwanza, na alipouliza sababu alichekwa. Osborne alipozuru shule ya Mkwawa, Iringa, akaulizwa na Mpemba swali lilo hilo, hakucheka, bali alirudi chuoni kwake akaagiza jaribio lifanywe. Wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo lile hata leo. Walakini ninaloliangalia mimi ni umbo la makala yenyewe, kwani sehemu ya kwanza ni Mpemba anayesimulia kwa nafsi yake alichokiona na jinsi alivyodharauliwa, ndipo Osborne anapofuata na majaribio na vipimo. Lau mwalimu yule angaliiandika makala yote kwa kalamu yake, kisha akamshukuru kijana kwa mstari mmoja mwishoni, yamkini asingelipata wa kumlaumu.

Mpemba hakuwa mwanafunzi wa uzamivu. Hata hivyo, sijaona mfano ulio bora kuliko huo wa amana tuliyopewa sisi wasimamizi, nayo ni kumwezesha mwanafunzi kusema kwa kalamu yake jambo alilolivumbua kwa mikono yake.

Nilipokuwa mwanafunzi, rasimu yangu ya kwanza ilinirudia baada ya miezi minne ikiwa imeandikwa upya yote. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, na ikachapwa. Lakini sikuambiwa kwa nini sentensi ya kwanza ilihamishwa ikawa ya tisa, wala kwa nini neno la kuthibitisha lilifutwa pakatiwa neno la kuashiria, na kwa hiyo makala ya pili niliiandika kwa makosa yale yale. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo roho ya sayansi. Mwenye kupima samaki thelathini wa ghuba moja hana idhini ya kunena juu ya bahari nzima, na mwanafunzi hulifahamu hilo siku ile anapoketi na msimamizi wake, jedwali liko mezani, akaulizwa kwa upole: je, tarakimu hizi zaweza kuubeba mzigo wa neno hili?

Kwa sababu hiyo naona ni heri kuanza na michoro na majedwali, maadam hoja ya makala imo humo, na utangulizi uandikwe baadaye; na naona ni kosa kungoja tasnifu ikamilike ndipo uandishi uanze, kwani aghalabu pengo la majaribio hujidhihirisha mtu anapojaribu kuyaeleza.

Kuketi huko kwataka msimamizi akubali kubishiwa. Mwaka 1913 Niels Bohr, aliyekwisha kupata udaktari wake, alimpelekea Ernest Rutherford makala juu ya muundo wa atomu, naye Rutherford akamjibu kwamba ni ndefu mno. Bohr akafunga safari kutoka Copenhagen hadi Manchester, wakajadiliana jioni kadhaa juu ya kila aya, na mwishowe mkubwa akamkubalia mdogo.

Kwetu sisi kuna jambo jingine zito. Mwanafunzi hufikiri kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mamaye, kisha hutakiwa kuandika kwa Kiingereza, nasi tukiona sentensi imepinda twadhani fikira ndiyo iliyopinda. Mimi humtaka kwanza anieleze matokeo yake kwa Kiswahili, bila karatasi. Akinieleza yakaeleweka, kilichobaki ni kazi ya lugha, na kazi ya lugha hutengenezeka.

Ama barua za wahakiki wa jarida, hizo zisiachwe zimfikie akiwa peke yake. Mhariri akiirudisha makala kwa maneno makali, mwanafunzi huona ameaibika, ilhali sisi tumekwisha kurudishiwa zetu mara nyingi. Basi na tumwonyeshe barua hizo za zamani, na jinsi tulivyoijibu kila hoja kwa taratibu na adabu. Mpangilio wa majina ya waandishi nao ukubaliwe kabla ya neno la kwanza kuandikwa, na asiyeshiriki katika kazi asitiwe jina kwa sababu ya cheo chake.

Najua mna mitihani ya kusahihisha na vikao visivyokwisha. Nawaombeni hata hivyo, mwanafunzi atakayewajia na rasimu juma hili msiipokee mkaiweka rafuni. Mvutieni kiti, na kalamu ibaki mkononi mwake.