Abdi Akifa, Hamza Anakuja

(Nilichozungumza na vijana wenzangu hapa Bariadi)



Leo nawahadithia riwaya ya Kituruki, İnce Memed, iliyotoka kitabu mwaka 1955. Mwandishi wake, Yaşar Kemal, alitoka uwanda wa Çukurova, nchi ya pamba kama Simiyu yetu. Kabla hajapata jina, aliwaandikia wanakijiji wasiojua kusoma barua za malalamiko kwa serikali. Mimi nasoma sheria, hapo akanikamata.

Abdi Ağa anamiliki vijiji vitano. Mkulima analima, yeye anabeba sehemu kubwa ya mavuno. Kijana mmoja maskini, Memed, anakimbilia milimani, anashika bunduki, mwishowe anamuua Abdi. Wanakijiji wanachoma mbigili mashambani kwa furaha. Ukisoma unapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Lakini kuna kitabu cha pili. Memed anarudi anamkuta Hamza, ndugu yake Abdi, tena mbaya kuliko Abdi!

Sasa turudi kwetu. Mwaka huohuo wa 1955, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, Paul Bomani akiwaongoza, waliunda shirikisho lao la ushirika, Victoria Federation. Walikuwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakushika bunduki, walishika mizani. Ikafika mahali wakawa na viwanda vyao vya kuchambua pamba. Halafu mwaka 1976 serikali huru, ya kwetu wenyewe, ikavivunja vyama vikuu vya ushirika. Abdi kaondoka, Hamza kaingia.

Niseme na langu. Msimu uliopita nilimsindikiza baba kupima pamba. Karani akakata kilo tatu, eti unyevu, na jua linawaka kweli kweli. Nikafungua mdomo, baba akanivuta mkono: "Acha mwanangu, tutamuuzia nani?" Nikanyamaza. Mwanasheria mtarajiwa! Bado inaniuma.

Makamanda, tusimsubiri Memed. Msimu huu kila mmoja amsindikize mzazi wake mizanini. Soma kilo, andika, dai risiti. Mkutano mkuu wa AMCOS ukiitwa, wanachama waende, waombe hesabu.

Na siku tukishinda uchaguzi, msiache kusimama mizanini. Hamza anaweza kuvaa hata sare yetu.